Katiba ya mfukoni na mpira namba 5: mwalimu mpya wa Civics aliyekabidhiwa na timu anunue kipi

Mwalimu kijana akiripoti shule ya sekondari ya kutwa, mara nyingi hukabidhiwa mawili ndani ya wiki moja: vipindi vya Civics, yaani somo la uraia, na timu ya mpira ya shule. Civics kwa sababu walimu wa somo hilo hawatoshi, timu kwa sababu yeye bado ana miguu ya kukimbia. Akifungua kabati hukuta notsi za miaka mingi zilizopita. Akifungua stoo hukuta mpira mmoja uliofumuka mshono karibu na valvu. Ndipo anapoingia mfukoni mwake, na hapo fedha nyingi hupotea, maana vitu vya kazi hizi mbili vinauzwa kwa maneno mazuri na vichache vinastahimili muhula mzima.

Tathmini hii ni ya vitu vinavyonunuliwa kwanza. Vimepimwa kwa mazingira ya shule nyingi za Tanzania Bara: darasa la wanafunzi 60, kipindi cha dakika 40, uwanja wa changarawe wenye miiba pembeni, mazoezi saa 10 jioni, na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ikikaribia katikati ya mwaka.

Tuanze na kitabu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 huuzwa kama kijitabu, na faili lake la PDF linapatikana bure mtandaoni. Kwa mwalimu wa uraia hakuna kitabu kinachokikaribia kwa thamani, awe anafundisha Civics au anafundisha mambo hayohayo ndani ya Historia ya Tanzania na Maadili. Lakini usinunue bila kufungua ndani. Nenda ibara ya 66, ibara ndogo ya (1), aya ya (b), inayohusu wabunge wanawake wa viti maalum. Kama husomi humo asilimia thelathini, weka kitabu chini: hilo ni toleo la kabla ya mabadiliko ya 2005. Matoleo ya zamani bado yanazunguka kwenye meza za vitabu vilivyotumika, na jalada halikuambii lolote.

Ubora wake mkubwa ni kwamba imeandikwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuisoma ibara ya 18 juu ya uhuru wa maoni na kubishana nayo papo hapo, bila mtu kumtafsiria. Mtihani wa Civics hujibiwa kwa Kiingereza, kwa hiyo kazi inakuwa ya hatua mbili: soma na mjadili kwa Kiswahili, kisha andikeni jibu kwa Kiingereza huku istilahi zote zikiwa zimepangwa ubaoni, Kiswahili kushoto na Kiingereza kulia. Walimu wanaoruka hatua ya kwanza hupata majibu ya kukariri yanayovunjika swali likigeuzwa kidogo tu.

Mfano mzuri ni ibara ya 4. Karibu kila notsi inasema nchi ina mihimili mitatu, na mwanafunzi anaimba hivyo hivyo: Serikali, Bunge, Mahakama. Ukifungua ibara yenyewe unakuta vyombo viwili vya utendaji, viwili vya utoaji haki na viwili vya kutunga sheria. Viwili viwili kwa sababu kuna vyombo vya Jamhuri ya Muungano na vyombo vya Zanzibar. Mwanafunzi aliyeliona hilo kwa macho yake hahitaji kufundishwa mara ya pili muundo wa Muungano, anao tayari. Notsi haziwezi kumpa hilo kwa sababu zimeshamtafunia.

Kingine kinachopuuzwa ni maandishi madogo ya pembeni ya kurasa, yale ya "Sheria ya 1984 Na. 15" na mengine ya namna hiyo. Hayo yanaonyesha kila ibara iliguswa na sheria gani na mwaka gani. Waambie wanafunzi wayahesabu kuanzia ibara ya 12 hadi ya 30, na watagundua wenyewe kwamba orodha ya haki haikuwemo tangu 1977, iliingizwa na mabadiliko ya 1984. Kazi hiyo inachukua dakika 15 na haihitaji kifaa kingine.

Nakala ngapi? Kwa darasa la 60, nakala 10 zinatosha: makundi 10 ya watu sita, mmoja anatafuta, mmoja anasoma kwa sauti, mmoja anaandika, watatu wanapinga au kukubali. Tumia dakika 5 kugawa, 20 kutafuta, 10 kujadili, 5 kukusanya na kuhesabu vitabu kabla ya kengele. Kosa linaloharibu kipindi hiki ni kuuliza swali la "tajeni haki za raia". Watafungua Yaliyomo, watanakili vichwa vya ibara, na baada ya dakika tatu wamemaliza bila kusoma chochote. Toa tukio, kisha dai ibara na ibara ndogo yake. Tukio linalofanya kazi kila mara linatoka uwanjani: mchezaji ameshutumiwa kuchukua jezi ya shule, kocha amemwondoa kwenye timu bila kumuuliza, je, kuna kitu humu kinachomhusu? Kundi makini litafika ibara ya 13(6)(a), haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa. Kundi makini zaidi litaona kwamba ibara hiyo inataja mahakama au chombo kingine kinachohusika, nalo litauliza kama kamati ya nidhamu ya timu ni chombo. Hapo mjadala umefika mahali pake. Na kocha akiwa ndiye mwalimu, itampasa kanuni za timu yake ziwe na kikao cha kumsikiliza mchezaji, maana wanafunzi watamkumbusha.

Uwe tayari na makosa mawili ya kawaida. La kwanza, kuita ibara kifungu. Katika Katiba ni ibara, ndani yake ibara ndogo, kisha aya. Vifungu ni vya sheria nyingine. La pili, kusoma haki hadi ibara ya 24 na kufunga kitabu, wakati ibara ya 25 hadi 28 ni za wajibu na ya 30 ndiyo inayoweka mipaka ya haki zote zilizotangulia. Maswali mengi ya kupima uelewa yanalala hapo.

Kasoro za kijitabu zipo. Herufi ni ndogo kwa mwanafunzi wa nyuma anayesoma kwa kuegemea bega la mwenzake. Nakala zilizofungwa kwa gundi peke yake huanza kutoa kurasa mapema, hasa zile za ibara ya 12 hadi 20 zinazofunguliwa kila siku. Dawa yake ifanyike kabla ya matumizi: toboa matundu matatu kwa msumari mwembamba milimita 5 kutoka mgongoni, shona kwa uzi wa fundi viatu, kisha funika jalada kwa nailoni nzito. Jambo jingine la kuwa macho nalo: ibara ya 74 inataja Tume ya Uchaguzi ya Jamhuri ya Muungano, ilhali tangu sheria ya 2024 chombo hicho kinafanya kazi kwa jina la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Mwanafunzi akiuliza, jibu ni kwamba Katiba na sheria ni vitabu viwili tofauti, na swali lake ni zuri.

Vijitabu vya notsi vinavyouzwa stesheneri hatuvipendekezi kuwa ununuzi wa kwanza. Ukilazimika, vipime kwa mambo matatu ukiwa umesimama dukani. Idadi ya mikoa iwe 31, 26 ya Bara na 5 ya Zanzibar. Kikisema 30 kimeandikwa kabla Songwe haijawa mkoa mwaka 2016. Taasisi ya kupambana na rushwa iitwe TAKUKURU. Jina la tume ya uchaguzi liwe la sasa. Kikianguka kwenye mojawapo, hata mengine ndani yake usiyaamini. Fomati ya mtihani yenyewe iko kwenye tovuti ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, haina haja ya kununuliwa.

Sasa mpira, ambako hasara ni kubwa zaidi.

Madukani, Kariakoo na kwingineko, utakutana na aina tatu. Kuna mpira wa raba uliotoka kwenye kalibu kipande kimoja, mistari yake ikiwa imechorwa tu. Kuna uliogundishwa, vipande vyake vikiwa vimeunganishwa kwa gundi na joto, juu laini bila uzi unaoonekana. Na kuna wa kushona, kwa kawaida vipande 32: 12 vya pembe tano na 20 vya pembe sita. Mipira mingi ya kushonwa kwa mkono duniani hutoka mji wa Sialkot, Pakistan.

Wa raba ndio rahisi kwa bei na haujali changarawe. Ubaya wake ni kwamba unadunda kupita kiasi, unachoma paji la uso kwenye kichwa, na unamfundisha mchezaji mguso wa uongo: akizoea kuutuliza huo, siku ya mechi mpira wa kweli unamfia mguuni. Unafaa kwa mazoezi ya kukimbia na kupiga ukutani, basi. Uliogundishwa una mguso mzuri ukiwa mpya, lakini jua la saa 9 na vumbi huinua kingo za vipande, na ukishachomwa na mwiba hakuna pa kuufungulia. Kwa uwanja wa changarawe tunapendekeza wa kushona, kwa sababu moja kubwa kuliko zote: unatengenezeka.

Ndani ya huo wa kushona kuna uamuzi mwingine, kibofu chake, ambacho mafundi hukiita bladda. Bladda ya lateksi (raba asilia) ina mguso laini na mdundo mzuri lakini hupoteza upepo ndani ya siku moja au mbili. Ya butili (raba ya viwandani) hukaa na upepo wiki nzima na zaidi. Shule yenye pampu moja inayoazimwa na kata nzima inunue butili. Tena butili ndiyo inayotengenezewa tyubu nyingi za baiskeli, kwa hiyo kiraka na solusheni ya fundi baiskeli vinaishika vizuri.

Na ngozi ya juu? Ngozi halisi haitumiki siku hizi, ni plastiki za aina mbili. PU ni laini, haing'ai sana, ukiibonyeza kwa ukucha inarudi taratibu. Ni tamu kwenye nyasi na huchubuka upesi kwenye kokoto. PVC ni ngumu kidogo na inang'aa, mguso wake ni wa chini, lakini inadumu kwenye ardhi kavu. Kama fedha inaruhusu mipira minne, chukua mitatu ya PVC kwa mazoezi na mmoja wa PU utakaotoka stoo siku za mechi na siku mbili kabla yake.

Maandishi ya "saizi na uzito rasmi" kwenye boksi hayathibitishi kitu, na alama ya FIFA huchapwa hata kwenye mipira ya kuiga. Pima mwenyewe. Beba futi kamba ya fundi cherehani: mzingo wa namba 5 ni sentimita 68 hadi 70. Mipira mingi iliyoandikwa namba 5 husoma 66, na huo ni namba 4 uliovishwa jina. Omba mizani ya duka la jirani: gramu 410 hadi 450. Kisha udondoshe, usiurushe, kutoka urefu wa mita 2 kwenye sakafu ngumu, na mtu mwingine atazame unapofika. Kwa alama ya juu ya FIFA mpira hurudi sentimita 135 hadi 155. Wa mazoezi ukirudi 125 unavumilika. Ukipita 155 ni raba iliyojificha. Udondoshe mara tatu, kila mara ukitua upande tofauti. Tofauti ikizidi sentimita 10 mpira haujakaa duara, na utapinda hewani kwenye pasi ndefu. Mwisho, usokote juu ya meza ukiwa unaiangalia valvu: valvu ikiyumba kama kichwa cha mlevi, uzito umeegemea upande mmoja.

Mwuzaji akikataa upimaji huo, nenda duka la pili. Akikubali, omba aujaze na kuuacha hadi kesho yake, urudi na futi kamba ileile. Mzingo ukipungua zaidi ya sentimita moja, kuna bladda au valvu inayovuja.

Upepo ndio unaoua mipira ya shule, kuliko miiba. Kanuni zinaruhusu atmosfia 0.6 hadi 1.1 juu ya kanieneo ya hewa ya nje. Kwenye changarawe baki chini, 0.6 hadi 0.7. Mpira uliojazwa 0.8 asubuhi kwenye nyuzi 20 hufika karibu 0.95 ukiachwa juani ukapata nyuzi 45, bila mtu kuugusa, na nguvu hiyo yote hubebwa na uzi. Ndiyo sababu mishono hufumuka wakati wa mapumziko, mpira ukiwa umelala tu pembeni ya goli. Uweke kivulini, hata kivuli cha mabegi. Kama huna kipimo cha upepo, bonyeza kwa vidole gumba viwili kwa nguvu: uzame kama sentimita moja. Usipozama, toa upepo.

Sindano ya kujazia ilowekwe kabla ya kuingia. Glisirini ni bora, maji safi yanatosha. Mafuta ya mgando ya kujipaka yasiguse valvu, kwa kuwa yanatokana na petroli na hulainisha raba hadi ikaanza kuvuja. Sindano kavu hupasua midomo ya valvu, na huo ndio mvujo ambao watu huufikiria ni mwiba. Nunua sindano tano kwa mpigo; hukatika pale mtu anapoishika pampu kwa mkono mmoja na kuiegemeza pembeni, shina likabaki ndani.

Ukichomwa na mwiba, mpira wa kushona haujafa. Uzamishe ndani ya ndoo ya maji, weka alama panapotoa mapovu. Fundi viatu atakata nyuzi za vipande viwili vilivyo karibu na alama, uwazi wa vidole vinne, kisha atavuta bladda taratibu bila kuing'oa kwenye valvu. Sugua kwa msasa laini, paka solusheni, subiri ikauke hadi isinate kidoleni, bandika kiraka, gandamiza dakika kadhaa. Kabla ya kushona, papasa ndani ya ngozi utoe ncha ya mwiba, maana ikibaki bladda itachomwa tena siku ileile. Uzi uwe wa poliesta uliopakwa nta, na fundo lifichwe ndani. Jambo moja la kuuliza dukani mapema: kuna mipira ya kushona ambayo bladda imegundishwa kwenye kitambaa cha ndani. Hiyo haitoki, na faida ya kushonwa imepotea.

Kipenga: chukua cha plastiki kisicho na punje ndani. Cha punje hushikwa na mate na vumbi, kikakaa kimya wakati unapokihitaji. Fox 40 ya Kanada, iliyoanza kuuzwa 1987, ndiyo iliyovieneza hivi visivyo na punje, na vya kuiga navyo vinasikika vizuri kwa mazoezi. Koni usinunue, chupa za maji za lita 1.5 zilizojazwa mchanga theluthi moja hazipeperushwi na upepo. Vizibao vya mazoezi vishonwe na fundi cherehani wa mtaani, rangi mbili tu, na visiwe na kamba zinazoning'inia.

Timu ya wasichana isisahauliwe kwenye bajeti hii, na hapa kosa kubwa liko kwa fundi wa kuchomelea. Goli la mpira wa pete lina urefu wa mita 3.05, sawasawa na la kikapu, kwa hiyo mafundi huchukua vipimo vya kikapu vizima vizima na kutoa pete ya sentimita 45. Ya mpira wa pete ni milimita 380 kwa ndani, nondo ya milimita 15, ikiwa imesogea mbele ya nguzo milimita 150. Msichana aliyefunga muhula mzima kwenye pete ya 450 huenda kwenye mashindano akakosa kila kitu, na wote wakasema ni woga. Mpe fundi duara la 380 lililokatwa kwenye boksi, si namba ya kukumbuka. Mpira wake ni wa mzingo wa sentimita 69 hadi 71 na gramu 400 hadi 450, kwa hiyo mpira wa miguu uliochakaa si mbadala: hauna mshiko wa mkononi.

Kama fedha ya muhula huu inatosha kitu kimoja tu, kiwe mpira wa kushona wa butili pamoja na sindano zake. Katiba itasubiri kwa sababu PDF ni ya bure, na kurasa za ibara ya 12 hadi 30 zinatolewa kopi kwa gharama ndogo, nakala moja kwa kila kundi, zikabanwa na kuandikwa namba 1 hadi 10. Muhula unaofuata nunua vijitabu, na futi kamba iendelee kukaa kwenye mkoba.